Nyusi za Mwenye Nyumba

Duara ni umbo lenye dharau. Ukilitazama kwenye sarafu, kwenye sinia, kwenye gurudumu la bajaji, unaona kitu kinyenyekevu kisicho na pembe wala makuu. Chukua penseli ulichore kwa mkono mtupu ndipo utakapolijua. Mstari unaanza vizuri, unapanda, unazunguka, unashuka, halafu ukikaribia pale ulipoanzia unakuta pale pamehama. Upande mmoja umevimba, mwingine umebonyea, na kazi iliyobaki ni kuziba pengo kwa hila. Maduara yangu mimi hutoka viazi, tena si vile vya kuchagua. Ni vile vya chini ya gunia.

Na huwezi kulikwepa. Kila anayefundisha kuchora vibonzo, awe kwenye kitabu, awe kwenye video za simu, awe yule kijana anayeandika mabango pale stendi, anaanza na maneno yaleyale: "Kwanza chora duara." Wanayasema kwa wepesi, hata sauti hawaikazi, kisha wanaendelea na mambo yao. Hakuna hata mmoja anayerudi nyuma kuuliza kama umelipata.

Kuna Mmarekani mmoja, Andrew Loomis, aliyetoa kitabu mwaka 1939 cha kuwafundisha watu wa kawaida kuchora. Vichwa vyake vinaanza na mpira. Unachora mpira, unapitisha mstari wa katikati ya uso, unapitisha mwingine wa usawa wa macho, unapachika pua, kidevu na mashavu, mtu amepatikana. Jina la kitabu, Fun with a Pencil, linaahidi furaha na penseli kwa pamoja. Penseli ninayo.

Hata hiyo penseli nayo ina habari yake. Video zinasema usichoree HB, tafuta 2B, kwa sababu B ni weusi na ulaini, H ni ugumu, na namba ikipanda hali inazidi. HB imekaa katikati, haijaamua iwe nini. Nikaenda steshenari ya jirani nikaomba penseli ya 2B. Binti akatoa penseli mbili za HB akaziweka kaunta. Nikamwambia sivyo dada yangu, nataka moja tu, ya 2B. Akarudisha moja.

Nikaondoka na HB yangu, na ufutio wa rangi ya waridi ambao haufuti, unasambaza. Ukikosea pua unaisugua, nayo inageuka ndevu. Kichongeo ndiyo usiseme: kinachonga kwa heshima zote mpaka ncha inapotaka kutokeza, halafu risasi inakatikia humo ndani, unaanza upya. Penseli yangu imefupishwa zaidi na kichongeo kuliko na sanaa.

Mama watoto aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini mtu mwenye mvi ashike penseli saa za kutafuta riziki. Jibu ni Sani. Sisi wa rika langu tulikua na gazeti lile la vibonzo likipita mkono kwa mkono, limechanika jalada, kurasa za kati hazipo, na bado tunagombania. Madenge na utundu wake, Pimbi, Kipepe, Ndumilakuwili. Baba zetu nao walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, na ndugu zetu wa Kenya wakawa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Ukiwatazama wote hao unaona pua kubwa, macho mawili, suruali, basi. Hakuna kivuli, hakuna mishipa ya shingo, hakuna unyoya mmoja mmoja. Unajiambia: hiki hata mimi nakiweza. Mtu akichora simba wa kweli, mwenye manyoya yote, unaogopa kujaribu. Vibonzo havikuogopeshi, na hapo ndipo vinapokukamata, maana mistari ikiwa mia tatu, mmoja ukipotoka unajificha kati ya wenzake. Mistari ikiwa saba, kila mmoja ni shahidi.

Halafu kuna hili la mtu kubaki yuleyule. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliolijengea Sani jina, alifariki mwaka 1986, na wahusika wa gazeti wakaendelea kuishi kwenye mikono ya wachoraji wengine. Fikiria ugumu wake: mkono umebadilika, msomaji hajamkosa mtu wake. Mhusika wangu mimi, ninayemchora kwa mkono huohuo, meza hiyohiyo, hafiki kisanduku cha pili akiwa ni yeye. Kisanduku cha kwanza anasema "Hodi." Cha pili anayeingia ni mjomba wake. Cha tatu mjomba ameota kidevu, na sikio moja limehamia shingoni. Mwanangu, ambaye yuko darasa la tatu na hana huruma, huwa anauliza: "Baba, huyu mwingine ametokea wapi?"

Walimu wanasema tiba ni vipimo. Mtu mzima wa kweli ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, yaani ukikichukua kichwa chake ukakipanga toka utosini hadi unyayoni kitaingia mara saba na nusu. Kibonzo hakitaki hivyo. Kinataka vichwa vitatu, vinne vikizidi, na kichwa chenyewe kiwe kikubwa, ili uso uonekane hata gazeti likishafungiwa maandazi. Lakini kabla ya kuuvunja mwili lazima uujue, wanasema. Nikamsimamisha ukutani shemeji yangu, aliyekuja kutusalimia na bado anatusalimia. Nikanyoosha mkono wenye penseli, nikafumba jicho moja, nikaanza kupima kama wanavyoelekeza.

"Shemeji, unanilenga?"

Nikamwambia atulie, namhesabu. Nilipomaliza nikamtangazia kwamba ana vichwa saba na nusu kamili. Akakaa chini akitafakari, kisha akamwita dada yake jikoni na kumweleza kwamba mtu mwenye vichwa saba na nusu hawezi kuwa anakula sahani moja.

Mikono ndiyo iliyonimaliza kabisa. Hapo awali nilidhani glovu za Mickey Mouse ni mambo ya ulimbwende. Kumbe alipotokea mwaka 1928 mikono yake ilikuwa myeusi kwenye mwili mweusi, ndani ya filamu isiyo na rangi. Akipeleka mkono kifuani, umepotea. Mwaka uliofuata wakaanza kumvika glovu nyeupe, mikono ikaonekana. Vidole wakampa vitatu na gumba. Filamu inapitisha picha 24 kila sekunde, na watu wanaochora kwa mkono mchana kutwa hawana sababu ya kubembeleza kidole cha tano. Sikuwahi kusikia habari ya ukombozi kama hiyo. Siku hiyohiyo nikachora fundi seremala mwenye vidole vinne, msumeno begani, anacheka.

Kwa watu wa Hollywood hicho ni kibonzo. Kwa fundi seremala wa chumba cha mwisho, aliyepita kurudisha nyundo, hiyo ni taarifa ya ajali. Aliitazama karatasi, akautazama mkono wake, akaniuliza kwa sauti ya chini nani amenipa habari za msumeno. Nikamwapia kwamba sijui lolote. Hakuamini. Tunaishi ua mmoja, tunachota maji bomba moja, na mpaka leo vidole vyake sijui ni vingapi, kwa sababu akiniona tu mkono unaingia mfukoni.

Na mimi nikaona hilo ni wazo zuri. Wahusika wangu wote sasa wameweka mikono mfukoni. Muuguzi anayechoma sindano, mikono mfukoni. Mvuvi anayevuta nyavu, mikono mfukoni, nyavu zinajivuta.

Mtu mmoja mwenye nia njema akanishauri nihamie wanyama. Mnyama hashtaki, alisema. Masoud Kipanya amejenga jina juu ya panya mmoja mdogo gazetini, panya anayepenyeza maneno ambayo mtu wa kawaida angeyameza. Nikakubali. Nikachora kobe, mama watoto akauliza shangazi yangu wa Tanga amenikosea nini. Nikachora jogoo, bodaboda wa kijiweni wakamwamkia "shikamoo mjumbe". Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tatizo langu si la kawaida. Mtu asiyejua kuchora anapaswa kuchora vitu visivyofanana na chochote. Mimi vinafanana, ila vinachagua vyenyewe vifanane na nani.

Baadaye nikajua kwamba jambo hili lilishaandikwa. Mswisi wa Geneva aitwaye Rodolphe Töpffer, mwalimu wa shule, alitaka kuwa mchoraji wa picha za rangi kama baba yake lakini macho yakamkatalia. Akaishia kuchora hadithi za vichekesho zilizopangwa picha kwa picha, na wengi humtaja kuwa baba wa vibonzo vya hadithi. Mwaka 1845 alitoa kijitabu kuhusu sura za kuchora. Hoja yake ni kwamba uso wowote ukishachorwa, hata uwe mbovu namna gani, hata uwe umechorwa na mtoto, hauwezi kukaa kimya. Ukiweka nukta mbili na mstari chini yake tayari yuko mtu pale, na mtu huyo ana tabia. Kazi yako ni kubadilisha kipande kimoja kimoja, pua hii na mdomo ule, kisha ukae utazame ni nani anayetokea.

Yeye aliandika hayo kwa furaha, kuwapa moyo wanaoanza. Hakukaa nyumba ya kupanga uswahilini.

Kwa sababu mimi nilifuata maelekezo yake sawasawa. Nilikuwa nachora kiboko, kiboko mwema, wa kuwafurahisha watoto. Mdomo nikaupandisha pembeni, kicheko kamili, na meno mawili ya chini. Ikafika zamu ya nyusi. Nyusi katika vibonzo ni vistari viwili tu, havizidi punje ya mchele, lakini ndivyo vinavyotawala uso mzima. Vikishuka kuelekea puani ni hasira. Vikipanda katikati ni huzuni. Vikiruka juu ya kichwa vikabaki hewani ni mshangao. Mimi nilitaka vikae kiungwana. Ile HB, kwa ugumu wake, ikavishusha kidogo tu kuelekea puani.

Basi mdomo unacheka na nyusi zimekasirika. Ulishamwona mtu wa namna hiyo? Anaingia akitabasamu, anauliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina, anasifu mapazia, na muda wote huo macho yanahesabu miezi. Nilikaa nikimtazama yule kiboko, naye akinitazama, na moyo ukaanza kunienda mbio nikitafuta kodi imebaki siku ngapi. Mama watoto akapita na beseni la nguo, akaitupia jicho karatasi, akasema "Shikamoo" kabla hajaona kwamba ni karatasi.

Mwanangu akaipenda, akaibandika mlangoni kwa gundi yake ya shule.

Habari za mtaani hazihitaji gazeti. Wiki haijaisha, mama ntilie wa pale kona akanifuata. Amesikia nachora watu wanafanana, naye anataka sura yake kwenye kibao cha biashara, achekeshe wateja kidogo, wamkumbuke. Malipo ya awali ni wali maharage na kipande cha samaki. Nikala nikiwa na amani, maana hii sasa ni kazi ya kukusudia, na kazi ya kukusudia ina kanuni.

Kanuni nilikuwa nayo. Ukitaka kumchora mtu kwa kutia chumvi, tafuta alichonacho yeye na wengine hawana, ukikuze, mengine uyapunguze. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, kijana wa Dar es Salaam aliyeacha masomo ya usanifu majengo Ardhi na kwenda Nairobi kuchorea Nation mwaka 1992, alimfunga Uhuru Kenyatta na William Ruto tufe la chuma mguuni enzi za kesi za ICC, na tufe lile likawafuata kibonzo baada ya kibonzo. Kitu kimoja tu, umekwisha kumjua mtu na shida yake. Mama ntilie wetu naye ana kitu kimoja. Ni jicho lile analomtazamia mteja aliyeshiba halafu akasema "niandikie". Nikalikuza jicho. Nikapunguza mashavu. Nikafunga kilemba. Nikahangaika naye kuliko nilivyowahi kuhangaikia mchoro wowote, nikaupeleka nikiwa nimeukunja ndani ya gazeti ili usipate vumbi.

Akaufungua mbele ya wateja.

"Baba, huyu mbona mjumbe kajifunga kanga?"

Wateja wakanyanyua shingo, na mmoja baada ya mwingine wakakubali, kwa masikitiko, kwamba kweli ni mjumbe. Mjumbe mwenyewe alikuwa benchi la mwisho anamalizia maharage. Akaomba auone. Akautazama kwa muda, akanawa mikono, akasema amependeza, akauchukua akaenda nao nyumbani. Wali wangu na samaki vikaandikwa deni, na lile jicho nikaliona kwa ukaribu ambao kama ningelipata mapema ningelichora vizuri zaidi.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo. Nikimkusudia mtu, hatokei. Nisipomkusudia anakuja na kofia yake. Nimewauliza vijana wanaojua kazi, wanasema ni jambo la mazoezi, jaza daftari baada ya daftari, chora watu kwenye daladala, chora watu benki, chora kwa haraka bila kufuta. Nilijaribu kwenye daladala. Abiria wa mbele yangu alikuwa na shingo nzuri sana, shingo ya kibonzo kabisa, yenye mikunjo miwili. Aligeuka. Nikashuka vituo vingi kabla ya kwangu.

Sasa rudi kwenye mlango wetu, maana mwenye nyumba alikuja. Ilikuwa jioni ya bili ya maji. Shikamoo zikapita, watoto wakaulizwa kwa majina, mapazia yakasifiwa. Shemeji akafunika sufuria. Mzee akageuka kuondoka, na hapo ndipo alipokutana ana kwa ana na kiboko.

Alisimama kimya. Ukumbi mzima ukasimama naye.

"Nani kachora huyu?"

Mama watoto akanitazama. Shemeji akanitazama. Mwanangu, ambaye ndiye aliyebandika, akaninyooshea kidole.

"Ni kiboko tu, mzee wangu," nikasema.

"Kiboko namwona. Nauliza kwa nini kavaa balaghashia yangu."

Nikamweleza kwamba balaghashia ni ya kuziba utosi, kwa sababu kule juu mstari haukukutana na mwenzake. Nikamweleza mpira wa Loomis na mstari wa katikati. Nikamtaja na yule mwalimu wa Geneva. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea karibu, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya nyusi, taratibu.

"Meno siyo," akasema. "Mengine sawa."

Akaibandua karatasi kwa uangalifu, pembe moja moja, akaiweka ndani ya bahasha ya bili na kuondoka nayo. Usiku huo sikulala. Mama watoto alikuwa ameshaanza kuuliza bei za vyumba Mbagala.

Asubuhi nikatoka kwenda bombani, nikamkuta kiboko kwenye mlango wa chumba cha pili. Nikamkuta cha tatu. Alikuwa kila mlango, ametolewa fotokopi, weusi umekolea kuliko nilivyowahi kuupata kwa HB, na chini ya kidevu mzee ameandika kwa mkono wake: KODI MWISHO TAREHE 5. SITAPIGA HODI. Wapangaji wakanizingira na ndoo zao. Bibi wa chumba cha tatu anasema wajukuu hawataki tena kutoka kwenda msalani usiku. Mpangaji wa chumba cha nne, ambaye kwa miaka mingi amekuwa bingwa wa kutokuwepo, alilipa siku hiyohiyo, na hanisemeshi.

Nikamfuata mzee nikamuuliza, kwa adabu zote, kuhusu haki ya mchoraji. Hata kama ni kupunguziwa kidogo kwenye kodi. Akacheka vizuri, akauliza habari za watoto.

Fundi seremala anasema kwake kimebandikwa kimoja. Kwangu viko viwili: cha kodi mlangoni, na cha bili ya maji juu ya bomba. Hicho cha bomba fotokopi ilififia, kwa hiyo nyusi kazirudia mwenyewe kwa peni nyekundu, mkupuo mmoja kila upande, bila kuinua mkono. Mstari wake umetulia kuliko wangu. Anasema hajawahi kujifunza.